Daftari la Nusura

Ndoo ya zege ilikatika kamba ikiwa usawa wa ghorofa ya pili. Ilishuka ikatua puu! pale pale alipokuwa amesimama mtunza stoo sekunde chache kabla, akihesabu mifuko ya saruji. Kilichomwokoa ni kalamu. Ilikuwa imemponyoka kwenye kilemba, mahali anapoichomeka siku zote, ikabingirika hadi chini ya toroli, naye akapiga hatua tatu kuifuata. Alipoinuka na kalamu mkononi aliikuta ndoo imebonyea kama kopo lililokanyagwa na lori, na ardhi imechimbika shimo la kuzika paka. 

"Kuna aliyeumia?" sauti ikanguruma kutoka juu.

"Hakuna!" wakajibu wa chini.

"Basi hakuna ajali! Fungeni kamba nyingine, kazi iendelee!"

Aliyenguruma ni nyapara wa saiti, mwanamume mrefu mwenye kifua kama pipa. Mafundi walimbandika jina la Radi kwa sababu akimwita mtu upande huu wa jengo, wa upande wa pili ndio huitika. Hakuwa mtu mbaya. Aliwajua vibarua wake wote, na mmoja wao akifiwa, Radi ndiye wa kwanza kufika msibani. Lakini kwake yeye ajali ilikuwa damu. Pasipo damu hakuna ajali, na pasipo ajali hakuna la kuandika.

Mtunza stoo alikwenda akaketi juu ya mfuko wa saruji, akanywa maji bilauri mbili, kisha akafanya jambo ambalo hakutumwa na mtu. Alichukua daftari jipya alilokusudia kuandikia misumari na nyaya za kufungia nondo, akagawa ukurasa wa kwanza kwa rula, akaandika juu: Nini. Wapi. Saa ngapi. Chini yake akaandika kwa mwandiko wake wa duara: "Kamba ya ndoo imekatika. Mbele ya stoo. Saa nne na robo asubuhi. Nusura mtu afe." Akasita kidogo, akaongeza: "Mtu huyo ni mimi."

Pale saiti hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Kalamu, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokiri. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na mume fundi cherehani aliyekuwa akimtania kwamba nyumba yao ina sindano ndani na nondo nje. Kazi ya ujenzi aliianza kwa kubeba karai la kokoto kichwani, kwenye saiti ambazo leo ni majumba yenye mapazia. Siku moja mtunza stoo wa zamani aliugua, ikaonekana kuwa yule mama wa kokoto ana hesabu ya vitu vyote kichwani: mbao ngapi, beleshi ngapi, na nani hajarudisha nyundo. Tangu siku hiyo akaliaga karai.

Ila hamu ya kuandika ajali zilizokosekana kidogo aliitoa mbali zaidi. Baba yake alikuwa mwashi. Yeye akiwa darasa la sita, jukwaa alilosimama baba lilivunjika, mzee akaanguka kutoka ghorofa ya pili na kuvunjika nyonga. Walimleta nyumbani nyuma ya pikapu pamoja na karatasi yenye mhuri. Kwa kuwa baba hakujua kusoma, binti ndiye aliyemsomea: "Aliteleza bafuni." Wakatazamana. Nyumbani kwao hapakuwa na bafu; waliogea nyuma ya nyumba juu ya mawe manne, anga ndiyo dari. Baba akacheka huku machozi yanamtoka. "Walau wangenijengea hilo bafu kwanza," alisema, "ndipo niteleze."

Miezi miwili baadaye mwashi mwingine alianguka palepale, kwenye jukwaa lilelile. Huyo hakuinuka. Na binti yule wa darasa la sita alibaki na swali lililomwasha moyoni miaka yote: kama ile karatasi ingesema kweli, je, kuna mtu angelitazama lile jukwaa?

Basi daftari likaanza kazi. Wiki ya kwanza lilikuwa kichekesho cha saiti. Wakati wa chai mafundi walijipanga mlangoni mwa stoo kwa mzaha.

"Mama Kalamu, niandike. Jana nusura nioe."

"Hiyo mpelekee mshenga. Mwingine!"

"Mimi nusura nishibe leo."

"Wewe nitakuandika siku utakayoshiba kweli. Mwingine!"

Aliyevunja mzaha ni Babu Randa, seremala mzee kuliko wote, mtu wa maneno machache, ambaye alikuwa amebakiwa na vidole vitatu mkono wa kushoto. Alingoja wacheshi waishe, akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Andika, mwanangu. Ngazi ya kwenda ghorofa ya kwanza haina pa kushika. Leo nimeyumba nikiwa na msumeno. Nimejishika na hewa."

"Hewa ikakushika?"

"Imenishika leo. Kesho sijui."

Mama Kalamu akaandika. Jioni alilipeleka daftari kwa Injinia, kijana mwenye miwani aliyekuwa na ofisi ndani ya kontena na simu isiyotulia. Injinia alilisoma akiwa amesimama, mkono mmoja sikioni. Alipofika kwa Babu Randa akaishusha simu.

"Huyu mzee hajawahi kulalamika hata siku moja."

"Hajalalamika hata leo," akajibu Mama Kalamu. "Ameeleza."

Asubuhi yake, kabla chai haijachemka, ngazi ilikuwa na mbao za kushikilia pande zote mbili. Mafundi walipanda na kushuka wakizigusagusa kama watu wanaopima kitambaa dukani. Mama Kalamu aliwatazama kutoka mlangoni mwa stoo, furaha ikamjaa mpaka akashindwa kuhesabu misumari. Alianza mara tatu, mara tatu akapotea. Mstari mmoja tu wa wino! Mstari mmoja umesimamisha mbao!

Baada ya hapo mzaha ukageuka foleni. Kilichowafungua midomo ni sharti aliloliweka mwenyewe: "Siandiki nani kakosea. Naandika nini, wapi, saa ngapi. Jina lako baki nalo, ukaitwe nalo nyumbani." Wakaja. Nyundo imeponyoka na kupita karibu na sikio la mtu. Waya wa umeme umelala kwenye maji. Mbao ina msumari uliosimama. Radi alipita akaguna, "Mnaandika vivuli," lakini hakukataza, kwa sababu Injinia alikuwa akilisoma daftari kila Ijumaa.

Ndipo ikafika siku ya kumwaga zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza kwa upande mpya wa jengo.

Aliyewahi kufanya kazi saiti anaijua siku hiyo. Ni kama siku ya harusi, ila bi harusi ni mashine. Watu walifika kabla jua halijatoka vizuri, thelathini na mmoja kwa hesabu ya Mama Kalamu aliyewaandika getini. Mashine ya kuchanganya ikaanza kunguruma, kokoto zikalia ndani yake, makarai yakapita mkono kwa mkono, toroli zikakimbizana kwenye mbao, na juu kabisa Radi akawa anaimbisha watu, sauti yake ikizishinda mashine zote. Siku kama hiyo hakuna kusimama. Zege likianza halingoji, likikatizwa katikati linapata mshono usioungana, na kazi yote inaharibika. Mafundi wana neno lao: zege halilali.

Shemeji yake Mama Kalamu, mdogo wa mumewe, alikuwa juu pia. Yeye na mashine yake waliitwa jina moja, Tetemeko, kwa sababu ndiye aliyeshika ile mashine inayotikisa zege ili lijae vizuri kila kona. Saa tatu hivi alishuka kuchukua mafuta, nguo zimetapakaa uji wa saruji, meno yote nje.

"Shemeji, leo najengewa sanamu! Nusu ya sakafu imejaa tayari."

"Usiongee sana, chukua mafuta. Huko juu salama?"

"Salama salimini. Ila ile kona ya nguzo namba tisa imenipendeza. Ukisimama inabonyea kidogo kama kitanda cha wageni."

Akaondoka anacheka. Mama Kalamu naye akatabasamu, akachukua kalamu kwa mazoea, akafungua daftari na kuandika: "Sakafu inabonyea. Nguzo tisa. Saa tatu na dakika kumi." Akapuliza wino ukauke. Macho yakapanda mstari wa juu yake. "Kabari zimelegea, zimegongwa upya. Nguzo tisa." Hiyo ya jana asubuhi. Yakapanda tena. "Kibarua ameteleza kwenye tope. Karibu na nguzo tisa." Ya juzi. Akafungua ukurasa wa nyuma. "Bomba la maji linavuja chini kwa chini. Nguzo tisa." Na siku moja kabla ya hapo: "Kabari zimelegea. Nguzo tisa."

Nywele zikamsimama chini ya kilemba.

Mambo matano, watu watano, siku tano, na kila mmoja alikuwa ameleta kipande chake akadhani ni kitu kidogo. Wala yeye mwenyewe aliyeandika hakuona, kwa kuwa aliandika kila siku na siku yake. Sasa ukurasa ulikuwa unampigia kelele.

Alitoka mbio. Akapita chini ya sakafu inayomwagwa, katika msitu wa mirunda, ile miti inayosimamishwa kubeba mbao na zege bichi mpaka likauke. Hatua za watu zilikuwa zikidunda juu ya kichwa chake. Upande wa kulia kila kitu kilisimama wima. Upande wa kushoto, kwenye nguzo namba tisa, viatu vyake viliingia majini. Ardhi ilikuwa uji. Mirunda minne ilikuwa imedidimia karibu kiganja kizima, na vile vibao vilivyowekwa chini yake havionekani tena. Akainua macho: mbao za juu zimefanya tumbo. Na palikuwa na sauti, ndogo, kama panya anatafuna. Ilikuwa misumari ikijichomoa.

"Shukeni!" akapiga kelele. "Jamani, shukeni!"

Nani amsikie? Mashine inanguruma, kokoto zinalia, Radi anaimbisha. Akapiga kelele tena mpaka koo likakwaruza. Makarai yakaendelea kupita juu yake, na kila karai lilikuwa uzito mpya.

Hapo akaacha kupiga kelele. Alikimbia mpaka kwenye mashine ya kuchanganya zege, akamsukuma kando mwendeshaji aliyekuwa akimshangaa, akashika mpini wa swichi na kuuvuta chini kwa mikono miwili.

Kimya.

Kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko kelele zote za asubuhi. Toroli zikasimama. Watu wakageuza shingo. Na kutoka juu, ngurumo ikashuka ngazi ikiwa na miguu.

"Nani kazima? Nani kazima mashine yangu?" Radi alifika mbele yake akihema, mishipa ya shingo imesimama kama kamba. "Mama Kalamu! Umerogwa? Zege halilali! Unajua unachokifanya?"

"Njoo uone."

"Nione nini? Washa mashine!"

"Kaka yangu," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, "njoo hatua ishirini tu. Ukiona sivyo, nifukuze leo leo mbele ya watu wote."

Akamshika mkono wa shati na kumvuta. Jitu lile likavutwa. Chini ya sakafu Radi alikanyaga maji, akatazama chini, akatazama juu. Mbele ya macho yake mrunda mmoja ukatoa mlio, kwaa! ukapasuka kwa urefu kama muwa.

Nyapara aligeuka. Kisha akatoka nje, akaweka viganja mdomoni, na kwa mara ya kwanza sauti ile ikapata kazi iliyoumbiwa.

"SHUKENIII! Wote! Acheni vifaa! Ngazi ya kulia, kulia, kulia! Hakuna kukimbizana! Shukeniii!"

Wakashuka. Waliteremka ngazi yenye mbao za kushika, mmoja nyuma ya mwingine, wakapelekwa hadi getini. Mama Kalamu alikuwa tayari na karatasi ya asubuhi, anaita na kuweka alama. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini.

"Thelathini tu," alisema. "Mmoja hayupo."

Hakuhitaji kutazama orodha. Alitazama juu, na pale ukingoni akamwona shemeji yake anavuta mashine yake kwa mpira wake mrefu, kama mtu anayekokota mbuzi asiyetaka kwenda.

"Acha mashine!" akamlilia. "Iache!"

"Ni ya kukodi hii, shemeji!"

"Wewe ndiye usiye wa kukodi! Ruka! Ruka kwenye mchanga!"

Chini ya kona ile palikuwa na lundo la mchanga lililorundikwa hadi karibu nusu ya kimo cha nguzo. Tetemeko alitazama nyuma, akaona zege linaanza kumiminika kuelekea kona kama uji kwenye sahani iliyoinamishwa, na hapo mapenzi yake na mashine yakaisha. Akaiachia. Akateremka ukingoni kwa mikono, akaning'inia, akajiachia. Alitua kwenye mchanga, akabingirika, akainuka, akaanza kukimbia kwa mguu mmoja na nusu.

Kona ya nguzo namba tisa ikashuka nyuma yake.

Haikushuka haraka kama watu wanavyodhani. Kwanza iliinama, kama mtu anayesalimia. Kisha mirunda ikalia kwa pamoja, mbao zikafumuka, na robo ya sakafu ikaja chini na ngurumo iliyowafanya watu wa mtaa wa pili watoke nje. Vumbi halikuwa jingi, maana zege lilikuwa bichi. Lilitapakaa tu, zito, la kijivu, likafunika mahali ambapo dakika tano nyuma walikuwa wamesimama watu kumi na wawili.

 Kisha Babu Randa akaanza kuhesabu vidole vyake, vyote vinane, na mtu mmoja akacheka, na mwingine akacheka, na ghafla watu thelathini na mmoja walikuwa wanakumbatiana, wanarukaruka, wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Waliinua makarai wakayapiga kama ngoma. Mama Kalamu aliinuliwa juu juu, akapiga makelele wao watulie kwanza akili ndipo yeye ashushwe chini. Moyo ulimwenda mbio hata akauona mtaa mzima unang'aa. Wapo! Wote wapo! Aliwahesabu tena kutoka juu ya mabega ya watu, akapata thelathini na mmoja, akahesabu tena kwa sababu ya utamu wa ile namba tu.

Furaha hiyo haikuwa imepoa Radi alipomvuta kando. Sauti yake safari hii ilikuwa ndogo.

"Tajiri mwenye kampuni amepiga simu. Anasema tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Kifusi kiondolewe leo, kesho tuanze upya. Hakuna haja ya kuita wakaguzi."

"Na mguu wa shemeji yangu?"

Mguu wa Tetemeko ulikuwa umevimba kifundoni kama papai. Radi alikwepa macho yake. "Umeteguka tu. Tutampeleka hospitali, gharama zote juu yetu. Tutasema... alikuwa anacheza mpira."

Mama Kalamu alimtazama. Damu ilimpanda taratibu, kutoka miguuni.

"Baba yangu aliteleza bafuni," alisema.

"Pole. Sikujua. Lini?"

"Hatukuwa na bafu."

Akamweleza yote, kwa sentensi chache, pale pale kando ya kifusi. Alipofika kwa yule mwashi wa pili, Radi alivua kofia yake ngumu akaishika kwa mikono miwili.  Kisha akaenda kwenye kontena, na kupitia ukuta wa bati kila mtu alimsikia akimwambia Injinia, kwa ile sauti isiyojua siri, "Mwite mkaguzi. Tajiri akiuliza, mwambie nimeita mimi."

Ikabaki ripoti. Injinia alileta fomu, akampa Mama Kalamu kwa sababu ndiye mwenye daftari. Aliijaza mezani pake stoo, mchana kweupe, mlango wazi, watu wanachungulia. Kalamu ilienda kama maji: saa, mahali, bomba, tope, kabari. Hata mguu wa shemeji ulipata mstari wake: "Ameumia kazini." Aliuandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine.

Kisha akafika kwenye swali: Vifaa vilivyotumika vilitoka wapi, na nani alivikagua?

Kalamu ikasimama.

Mirunda ya nguzo tisa ilitoka stoo. Siku ya kuisimamisha ilikuwa imepungua, maseremala walikuwa wanagombana, na yeye akatoa minne iliyokuwa imelazwa pembeni, mirunda ya zamani iliyounganishwa kwa vipande na misumari. Alijua iliwekwa pembeni ikachanjwe kuni. Aliitoa ili kelele ziishe. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na kitabu chake cha stoo.

Alitazama mlangoni. Watu walewale waliombeba mabegani walikuwa wanampungia. Ingekuwa rahisi kiasi gani kuandika "stoo" na kuishia hapo! Masikio yalimwaka moto. Alifikiri kazi yake, ada za watoto, sura ya mumewe. Akafikiri pia ile karatasi yenye mhuri, na mtu asiyejulikana aliyeiandika. Labda naye aliogopa tu. Labda naye alikuwa na watoto watatu.

Akaandika: "Minne ilikuwa mibovu. Niliitoa mimi, mtunza stoo, bila kukagua." Akaweka sahihi haraka, kabla mkono haujabadili nia.

Mkaguzi alifika kesho yake, mama mfupi mnene aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Alizunguka kifusi mara mbili, akapima, akapiga picha, akaingia stoo na kuomba daftari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, amesimama. Kisha akasoma ripoti. Alipofika kwenye lile swali akavua miwani.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Nimekagua saiti miaka kumi na minane," akasema mkaguzi. "Nimesoma ripoti ambazo upepo umekosea, mvua imekosea, marehemu amekosea. Mwandishi mwenyewe ndiyo kwanza leo." Akavaa miwani tena. "Utapewa onyo la maandishi. Unalistahili."

"Nalistahili, mama."

"Na hili daftari nataka kila saiti ya kampuni hii iwe nalo. Nani atawafundisha? Mimi sina muda." Akamgeukia Injinia. "Mtafutieni mtunza stoo mwingine. Huyu ana kazi."

Hivyo ndivyo Mama Kalamu alivyopata kwa siku moja barua mbili, moja ya onyo na moja ya cheo cha msimamizi wa usalama, zote zina mhuri mmoja. Mumewe alizisoma kwa zamu, akauliza apike cha pole au cha hongera. Tajiri alinuna wiki mbili. Saiti ilifungwa tatu. Tetemeko alitibiwa kama mtu aliyeumia kazini, akalipwa siku zake zote alizolala, akawa anaonyesha kifundo chake kwa wageni kama nishani.

Watu waliporudi, bomba lilikuwa limefukuliwa na kubadilishwa, ardhi imeshindiliwa kwa mawe, na mirunda yote ilikuwa ya chuma. Siku ya pili tu, Radi alikuja ofisini kwa msimamizi mpya, akafunga mlango, akanong'ona. Kunong'ona kwa Radi ni kuongea kwa mtu mwingine, kwa hiyo saiti nzima ilisikia: "Niandike. Jana nimepanda jukwaani bila mkanda wa usalama. Nusura."

"Wapi, na saa ngapi?" aliuliza Mama Kalamu bila kuinua uso, ili asimwone anavyotabasamu.

Zege la sakafu ile likamwagwa upya wiki ya nne. Safari hii, kabla mashine haijawashwa, Babu Randa alizunguka mirunda yote na nyundo yake, akigonga kila mmoja na kusikiliza, na Mama Kalamu nyuma yake akiweka alama. Mirunda mia na kumi na minne. Alipoweka alama ya mwisho alipanda mwenyewe mpaka juu, kofia ngumu juu ya kilemba, akainua bendera ya kijani.

"Washa!"

Mashine ikanguruma. Karai la kwanza likapanda, la pili, la kumi, toroli zikaanza kukimbizana, Radi akaanzisha wimbo. Tetemeko, kifundo kimefungwa bendeji, akazamisha mashine yake kwenye zege la kona ile ile, akaruka mara mbili kwa miguu yote kupima.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Haibonyei!"

"Nimeona! Acha kuruka, fanya kazi!"

Saa tisa na nusu alasiri, sakafu ilijaa ukingo hadi ukingo, laini, inang'aa kwa maji kama kioo kipya. Watu thelathini na wawili wakashuka ngazi wakiimba, na yeye alikuwa wa mwisho, akiwahesabu kwa sauti mmoja mmoja, na safari hii akajihesabu na mwenyewe.

"Thelathini na wawili!" akatangaza getini, na watu wakashangilia kana kwamba timu yao imefunga bao.